Gemu za dakika 40: nilizocheza mtoto akiwa amelala

Mwanangu ana miezi saba na usingizi wake wa mchana haueleweki. Siku akiwa na huruma analala dakika 40, siku nyingine 12, na akishaamka hakuna cha "nisubiri kidogo". Zamani nilikuwa nazipima gemu kama watu wengine: picha zake, hadithi yake, ukali wa mabosi wake, yaani wale maadui wakubwa wa kila hatua. Siku hizi swali langu la kwanza ni moja: nikilazimika kuweka pedi ya kuchezea chini sasa hivi, napoteza nini? Kwa kipimo hicho, gemu nilizokuwa nazisifia mbele za watu zimeporomoka, na mojawapo ya zile nilizokuwa naziogopa imepanda.

Iliyonidanganya zaidi ni Stardew Valley. Kila mtu humpendekezea mtu aliyechoka: shamba, kuku, uvuvi, majirani wapole. Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka kwenye kompyuta mwaka 2016, na upole wake si wa kuigiza. Ila ina saa. Siku ya shambani inaanza saa 12 asubuhi na kukatika saa 8 usiku, na kila dakika 10 za humo ndani ni kama sekunde 7 za huku kwetu. Piga hesabu, siku nzima ni dakika 14 hivi. Inaonekana imepimwa kwa usingizi wa mtoto, sivyo? Tatizo ni kwamba kwenye kompyuta na konsoli haihifadhi chochote mpaka mkulima wako apande kitandani.

Basi niko mgodini, ghorofa ya 43, mkoba umejaa mawe ya chuma, humo ndani ni saa 4 usiku, na chumba cha pili nasikia kile kikohozi kidogo cha mtoto anayefikiria kuamka. Nipande ngazi nikimbie hadi nyumbani nikalale, au nizime na siku yote iende bure? Najua, ukifungua menyu muda unasimama. Nimewahi kuiacha hivyo mchana kutwa, nikarudi jioni nikakuta kompyuta imejizima na kujiwasha yenyewe ili isakinishe masasisho yake. Chuma chote kilikwenda na maji. Nikahamia toleo la simu, ambalo ukitoka ghafla linakumbuka ulipokuwa, na tangu hapo mimi na kuku wangu tunaelewana. Kuvua samaki kwa kidole kwenye kioo ni adhabu, lakini nimeizoea.

Sasa ile niliyoiogopa. Dark Souls, ya mwaka 2011, inajulikana kwa kutokuwa na kitufe cha kusimamisha mchezo. Ukifungua menyu mbele ya kiunzi cha mifupa chenye upanga, kiunzi hakikusubiri umalize kusoma, kinaendelea kukukatakata. Ukifa, roho zote ulizokusanya, ambazo ndizo fedha za humo, zinabaki chini pale ulipoangukia. Ukifa tena kabla hujazifikia, umezipoteza moja kwa moja. Nilijiambia gemu ya namna hii haifai kabisa kwa mzazi.

Nilikosea. Kwa sababu inajihifadhi yenyewe muda wote, na ukichagua kutoka, inakurudisha palepale uliposimama, kwenye kona ileile, afya ileile. Siku moja nilikuwa makaburini na roho 11,000 mfukoni, kilio kikaanza. Menyu, toka, thibitisha, vyote kwa kidole gumba kimoja huku mkono wa pili ukiwa tayari umeshika mlango wa chumba. Niliporudi baada ya siku mbili nilisimama palepale. Wafu niliokwisha kuwaua walikuwa bado wamekufa, na waliobaki hai wamerudi kwenye vituo vyao kana kwamba hatujawahi kuonana. Ukitoka katikati ya pambano na bosi unajikuta nje ya ukungu wa mlango wake, jambo ambalo naona ni haki. Kwa hiyo gemu yenye sifa ya ukatili ndiyo iliyoniruhusu niende bila kuninunia. Studio ileile, FromSoftware, ilipotoa Sekiro mwaka 2019 iliweka na kusimamisha mchezo kabisa, na dunia haikuanguka.

Za mtandaoni niseme kwa kifupi: nimestaafu. Nilijiunga na pambano la watano kwa watano, dakika ya 25 nikaitwa na mwenye nyumba wa miezi saba, nikawaacha wenzangu wanne wapigwe. Walichoniandikia sikukipinga.

Tetris, ile ya kupanga matofali yanayoanguka yasiache mashimo, nayo ina vituko vyake. Nina ile ya Game Boy, kile kimashine cha mkononi, ya mwaka 1989, na kusimamisha inaruhusu, lakini ukisimamisha inayaficha matofali yote. Nilipokuwa mdogo nilidhani imeharibika. Kumbe wanakuzuia usikae ukipanga mipango huku muda umelala! Kwa mzazi maana yake ni kwamba unarudi baada ya robo saa, unabonyeza, kisha una kufumba na kufumbua tu ya kukumbuka kwamba ulikuwa umeacha shimo upande wa kushoto ukisubiri kile kipande kirefu cha kuliziba. Mimi hukumbuka upande wa kulia.

Kwa wenye mkono mmoja huru, Balatro. Ilitoka Februari 2024 na kufika kwenye simu Septemba ya mwaka huohuo. Ni karata za poka zilizoingiwa na kichaa: jokeri zipo 150 na kila moja inapindua kanuni kwa namna yake. Raundi ya kwanza kabisa inakudai pointi 300. Tuseme una karata tano za kopa: ree, kingi, kumi, tisa na tano. Tano za aina moja zinaanza na 35, karata zenyewe zinaongeza 11, 10, 10, 9 na 5, jumla 80, kisha inazidishwa kwa 4. Unapata 320, na umepita kwa mkono mmoja. Hesabu hiyo naimaliza huku natikisa kitanda kwa mguu. Ukiifunga katikati ya raundi inakungoja. Kasoro yake ni kwamba mtoto akilala kwelikweli, unajikuta saa 9 usiku unajiambia raundi moja tu, na hapo wa kulaumiwa si mtoto.

Animal Crossing: New Horizons, gemu ya kuishi kisiwani na majirani wanyama, inafuata kalenda ya kweli. Nilipotea wiki tatu, nikakuta magugu kila mahali, mende sebuleni, na jirani ananiuliza nilikuwa wapi. Maswali hayo nayapata ya kutosha nyumbani. Nimeifuta.

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ningeweza kuizungumzia hadi kesho. Return of the Obra Dinn, ya Lucas Pope, mwaka 2018. Ni mwaka 1807, meli imerudi bila mtu hai hata mmoja ndani yake, na wewe umetumwa na bima uandike kwenye kitabu hatima ya watu 60: nani ni nani, alikufaje, kwa mkono wa nani. Una saa ya mfukoni. Ukiifungua mbele ya maiti unasikia sauti za dakika za mwisho gizani, kisha unasimama ndani ya tukio lililoganda, moshi wa bunduki umening'inia hewani, na unazunguka ukitazama nyuso. Picha zote ni za nukta za rangi mbili tu. Gemu haikwambii umepatia mpaka uwe umepatia watu watatu kwa pamoja, kwa hiyo kubahatisha hakukufikishi mbali.

Kinachonifurahisha ni kwamba kazi yake kubwa haifanyikii kwenye skrini. Kitabu kinakushikia kila ulichoona, na wewe unaondoka na kichwa kimejaa. Mabaharia wawili walionisumbua siku nne niliwatambua nikiwa nambadilisha mtoto nepi, nikaacha kila kitu wazi nikakimbilia pedi. (Mama mtoto hakufurahi.) Sisemi jibu, ila tazameni miguu. Lawama yangu ni moja: ukiingia kwenye kumbukumbu kwa mara ya kwanza, inakuburuza kwa mwendo wake mpaka muziki uishe, na baadaye ukitaka kuirudia inabidi uitembelee tena maiti ilipo, ngazi juu ngazi chini. Kwa meli ya ghorofa nyingi namna ile, dakika 12 huisha mtu bado yuko ngazini.

Nimebakiwa na sita. Wanne nina majina ninayowashuku, wawili sina hata pa kuanzia, na nadhani mmoja wao nimemwandika aliuawa na mtu asiyehusika kabisa. Nilikuwa nimepanga nimalizie leo mchana, lakini kile kikohozi kimeanza.