Kisu, Bunduki au Kopo la Pilipili: Nini cha Kununua Kabla ya Kuingia Porini Kwenye Dubu

Afrika Mashariki hatuna dubu, na ndiyo maana mwenzetu anayehamia Montana, Alaska au magharibi mwa Kanada hufika na mawazo aliyokuzwa nayo karibu na simba na tembo, kwamba mtu haingii porini mikono mitupu, na kwamba panga au sime kiunoni ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Hapa Missoula, mji wa Montana ambao umepokea familia nyingi kutoka Kongo tangu mwaka 2016, kila kiangazi huulizwa swali lile lile na vijana walioanza kupenda kupanda milima: ninunue kisu kizuri, au niende moja kwa moja kwenye bastola? Nimeandika mwongozo huu kwa ajili yao, nikipanga vitu hivi kuanzia kile ambacho ningemnunulia mdogo wangu mwenyewe hadi kile ambacho ningemwomba asikitegemee kabisa.

Kabla ya kutazama bei, ni lazima tukubaliane juu ya kipimo. Dubu wa kahawia, ambaye Wamarekani wa bara humwita grizzly, anaweza kukimbia kilomita 56 kwa saa, yaani mita 15 hivi kwa kila sekunde. Akichomoka kichakani mita 30 mbele yako, muda ulio nao ni sekunde mbili. Kwa hiyo usiulize kwanza kifaa kina makali au nguvu kiasi gani, bali uliza kama kinaweza kufika mkononi mwako na kufanya kazi ndani ya sekunde hizo mbili, kikiwa kimeshikwa na mtu anayetetemeka, ambaye pengine amebeba mtoto au mzigo.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza ni ya kopo la pilipili la kufukuzia dubu, na hakuna kifaa kingine kinacholikaribia kwa mnunuzi wa kawaida. Lilibuniwa humu humu Montana katika miaka ya 1980, kutokana na utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Montana, na nguvu yake inatokana na kapsaisini, ule ukali wa pilipili ambao wakulima wetu wanaopakana na hifadhi huutumia dhidi ya tembo, wanapochanganya pilipili ya unga na oili chafu na kuipaka kwenye kamba zinazozunguka shamba. Wingu lake huwasha macho, pua na koo la mnyama kwa dakika kadhaa, kisha hupona bila kovu. Halihitaji shabaha kama risasi, kwa sababu linatandaza ukuta wa pilipili kati yako na dubu.

Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero, pamoja na wenzao, walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa matukio 83 ya matumizi ya pilipili hii huko Alaska kati ya 1985 na 2006. Kwa dubu wa kahawia ilifanikiwa kukomesha tabia ya hatari kwa asilimia 92, na kati ya watu waliokuwa na makopo hayo dubu alipowakaribia, asilimia 98 hawakujeruhiwa. Wachache walioumia hawakuhitaji kulazwa hospitali. Haki inanitaka niongeze kwamba baadhi ya dubu hao walikuwa wadadisi au watafuta chakula tu, si wote waliokuwa wakishambulia. Hata hivyo, sijaona ushahidi mwingine wenye uzito wa namna hiyo kwa kitu kinachouzwa kati ya dola 35 na 60.

Dukani, soma kopo lenyewe. Liwe limeandikwa kwamba ni la kufukuzia dubu na liwe na namba ya usajili ya Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA. Kopo dogo la kujikinga na vibaka, lile la kuning'inizwa kwenye funguo, halifai kwa kazi hii, na nchini Kanada ni silaha iliyopigwa marufuku. Kapsaisini na jamii yake ziwe kati ya asilimia 1 na 2, uzito usipungue gramu 225, pilipili ifike angalau mita saba na nusu, na kopo lipulize kwa sekunde sita au zaidi. Mimi hupendekeza la gramu 290, kwa sababu upepo hula sehemu ya dawa na unaweza kuhitaji kupuliza mara ya pili. Tazama pia tarehe ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni miaka mitatu au minne tangu kutengenezwa. Kopo la bei ya kutupa lililobakiza miezi sita ni kopo la gharama.

Mfuko wa kulifunga kwenye mkanda au kifuani si nyongeza ya kuachwa ili kuokoa dola 15. Kiangazi kilichopita, kwenye maegesho ya magari kabla ya kupanda mlima, nilimwomba kijana mmoja aliyekuwa na kopo jipya anioneshe jinsi atakavyolitumia. Lilikuwa ndani ya begi la mgongoni, chini ya koti la mvua. Alipolipata, alivuta kizuizi cha usalama na hakikutoka, kwa sababu kile kifungo chembamba cha plastiki kinachowekwa kiwandani kilikuwa bado kimekifunga. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti, nikafika kumi na tisa. Tulikata ile plastiki kwa mkasi wa kucha, tukahamishia kopo kiunoni, akarudia mara kumi, na mara ya mwisho alitumia sekunde moja na nusu. Kwa sababu hiyo nasisitiza: ukiwa na fedha ya ziada, nunua pia kopo la mazoezi lisilo na pilipili, ujifunze kuanza kupuliza dubu akiwa umbali wa mita 9 hadi 18, ukilenga chini kidogo mbele yake ili aingie ndani ya wingu. Usiliache garini juani, kwa kuwa joto linalozidi nyuzi 50 linaweza kulipasua. Tena usinyunyizie hema wala begi ukidhani ni kama dawa ya mbu. Harufu ya pilipili iliyokauka imeonekana ikiwavuta dubu badala ya kuwafukuza.

Nafasi ya pili naipa kasha la chakula lisilofunguliwa na dubu, ingawa wengi hawalihesabu kuwa kifaa cha usalama. Ni la plastiki ngumu, lina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, na bei yake ni takribani dola 80 hadi 100. Mjini West Yellowstone kuna kituo ambacho dubu halisi hupewa makasha yenye chakula, nayo yakistahimili meno na kucha zao kwa dakika 60 ndipo huweza kuidhinishwa. Atakayelala hemani anapaswa kulinunua kabla ya kufikiria silaha yoyote, kwa maana dubu wa usiku mara nyingi hufuata samaki, dawa ya meno na mafuta ya kupaka.

Bunduki ndefu ni ya tatu, na kwa watu wachache tu. Mvuvi au mpima ardhi anayefanya kazi wiki nzima katika vichaka vya Alaska, akiwa na shotigani iliyojazwa risasi moja moja nzito badala ya marisawa, au raifoli ya risasi kubwa kama .30-06 au .375 ambayo ameizoea kwa miaka, anayo sababu. Huko Svalbard, visiwa vya Norwe kwenye dubu weupe wa ncha ya kaskazini, waongozaji hubeba raifoli pamoja na bastola ya fataki za kutishia, na mgeni hukodi kwa kibali cha Gavana. Kwa familia inayokwenda matembezi ya Jumapili, hiyo ni kilo tatu au nne za mzigo ambao dubu akitokea utakuwa begani, umefungwa usalama.

Bastola ni ya nne, ijapokuwa najua ndiyo inayotamaniwa zaidi. Smith na wenzake walirudi mwaka 2012 na matukio 269 ya Alaska yaliyohusu silaha za moto. Bastola zilifanikiwa katika asilimia 84 ya matukio zilipotumiwa, na bunduki ndefu asilimia 76. Lakini walioumia walikuwa wengi, na waliofyatua hawakuonekana kusalimika zaidi ya wale waliokuwa na silaha wasiitumie. Sababu zinaeleweka: muda haukutosha, silaha ilikwama, risasi ilikosa. Gharama ya bastola yenye nguvu inayofaa, risasi na mazoezi ya uwanjani huvuka dola elfu moja kwa urahisi.

Kuna pia sheria, na hapa nawaomba ndugu zangu wasome taratibu. Nchini Marekani, mtu aliyeingia kwa viza ya matembezi, masomo au kazi ya muda kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile leseni halali ya uwindaji, na kosa hilo linaweza kumfunga mtu na kumfukuzisha nchini. Tangu Februari 2010 mwenye haki kisheria anaweza kuingia na silaha katika hifadhi za taifa kwa kufuata sheria za jimbo, ila kuifyatua humo bado hakuruhusiwi. Dubu wa kahawia wa majimbo ya bara, yaani Marekani bila Alaska na Hawaii, amelindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975. Akiuawa kwa kujitetea, taarifa itolewe ndani ya siku tano. Pilipili nayo ina mipaka yake: katika hifadhi ya taifa ya Yosemite, California, ambako wapo dubu weusi tu, hairuhusiwi kabisa.

Kisu ni cha mwisho. Kinaanza kufanya kazi dubu akiwa tayari amekulalia, na urefu wa kucha zake unaweza kulingana na wa makali ya visu vingi vya kukunja. Chini ya manyoya mazito yapo mafuta na misuli ambayo hata jambia zuri halipenyi kwa urahisi. Nunua kisu kwa ajili ya kamba, samaki na kuni, kwa bei unayoimudu, wala usikubali muuzaji akupandishie dola 200 kwa jina la dubu.

Anayekuja kwa ndege asinunue kopo kabla ya safari, kwa sababu haliruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi wala ule wa chini. Alinunue au kulikodi anapofika. Siku ya kuondoka amwachie mwenyeji wake, baada ya kumwonesha kizuizi cha usalama kinavyotoka.