Meseji za kunikumbusha choo: nyota 1, labda 3

Nilitaka niwape sifuri. Hospitali ya binafsi, hapa hapa mjini Unguja, jina silitaji.

Ramadhani iliyopita, tumekaa mkekani tunangoja adhana, simu yangu iko baina ya tende na bakuli la uji. Ikalia. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, mtu hata kunitazama usoni anaona haya, akanisomea kwa kuwa miwani sinayo: "Ndugu mteja, usisahau kuleta..." Akanyamaza. Mjukuu akamalizia kwa sauti: "...sampuli ya choo chako!" Futari ile mie sikuila, nilikunywa maji tu.

Kichupa chenyewe walinipa kwa kuwa nimevuka 50. Kifuniko kina kijiti, unakichomeka kwenye choo kikubwa, unakifunga, wao wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho, isije ikawa saratani ya utumbo mpana. Kipimo hakina taabu, hata kula pweza hukatazwi. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, kule kila miaka 2 kinaletwa na posta mpaka mlangoni.

Nikapeleka kesho yake. Mnadhani waliacha? Meseji 4 nyingine, moja saa 11 alfajiri! Nikaenda dirishani. Kijana hata shikamoo hana: "Bi mkubwa, inatuma kompyuta, si mie." Na kompyuta kaiajiri nani? Nikamwambia afute namba yangu, akafuta huku anacheka. Haya, majibu yangu? Akapekua daftari. Kumbe yapo siku nyingi. Yana damu. Kunikumbusha mara 5, kuniambia hili hata mara moja!

Daktari, yeye mstaarabu wallahi, kaniambia damu si lazima iwe saratani, yaweza kuwa bawasiri, ila kamera ipite ndani waone. Na hapa ndipo ninapojichanganya. Kichupa kile kilikaa juu ya kabati nyuma ya hotipoti wiki tatu nzima, na bila ya aibu ile ya futari kingekuwepo mpaka leo. Basi nyota 3. Hapana, 2, kwa ajili ya yule kijana.

Tarehe ya kamera ninayo, na dawa ya kusafisha tumbo ya kunywa siku moja kabla. Jana nimerudi dirishani kuomba namba yangu irudishwe. Akaniuliza, "Una hakika, bi mkubwa?" Nikamwambia zije, ila baada ya Isha.