TestLink: sura mbaya, ila siku ya kufunga mradi ndo utaipenda

Wakuu, nianze na sura kabisa tumalizane nayo. TestLink ni programu ya kutunzia testi kesi, yaani yale maelezo ya hatua za kupima programu na kinachotakiwa kutokea. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani umerudi intaneti kafe za zamani, menyu kushoto, ukurasa kulia, vialama vidogo vidogo ambavyo hujui kipi kinaongeza na kipi kinafuta, na kwenye simu ndo usijaribu kabisa. Mimi nilivyoletewa nilinuna wiki nzima. Saa hizi nikiingia kazi mpya ndo kitu cha kwanza naomba kiwekwe kwenye seva, japo mradi ukiwa unaendelea zipo programu nzuri kuliko hii. Mimi naihitaji kwa ajili ya siku ya kufunga mradi.

Mnaijua ile siku. Mteja kashasaini, bosi kashahamisha watu, madevelopa wako kwingine, wewe testa umeachiwa siku mbili za kukabidhi na kila mtu anadai ripoti ya mwisho, hamna hata mmoja anayeuliza zile testi kesi mia tatu na ushee zinaenda wapi. Kazini kwetu kwa zamani zilikuwa kwenye Excel, kila mtu na kopi yake, moja inaitwa final, nyingine final mpya, nyingine final ya kweli, halafu ya kweli yenyewe ilikuwa kwenye laptopu ya jamaa aliyeacha kazi, laptopu ikafutwa akapewa mtu mwingine. Haikupita muda tukapata kazi nyingine ya malipo ya simu, mambo karibu yale yale, tukakaa chini kuandika upya kesi za mtu akikosea PIN mara tatu, mtandao ukikatika katikati ya muamala, akibonyeza lipa mara mbili. Niliumia aisee, maana nilijua kabisa nilishaziandika na zilishawahi kukamata makosa.

Kwa wasioelewa uchungu wenyewe, chukua kisehemu kimoja tu cha kujaza namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Tarakimu 20, nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, inaanza mwaka, mwezi, siku. Humo humo una akiandika na vistari, akiandika bila vistari, akipesti ikaja na nafasi mwishoni, mwezi wa 13, tarehe 30 Februari, tarehe aliyojaza kwenye fomu haiendani na iliyomo kwenye namba, tarakimu 19, tarakimu 21. Hizo ukishaziandika vizuri mara moja zinakufaa benki, bima, saccos, usajili wa laini, popote pale mtu anapoombwa NIDA. Sasa unazizikaje na mradi?

Haya TestLink yenyewe. Ni ya bure, leseni ya GPL, imeandikwa kwa PHP, databesi yake MySQL au Postgres, na inakaa kwenye seva yenu wenyewe. Hilo la seva yenu kwangu ndo kubwa kuliko yote, kwa sababu zile za kulipia kila mwezi kwa kila kichwa, mradi ukifungwa na bajeti nayo imefungwa, nani ataendelea kulipia akaunti ili testi kesi zikae tu bila kufanya kitu? Jaribu kumpelekea hiyo hesabu mtu wa fedha uone atakavyokuangalia.

Kitu walichokipanga vizuri ni kutenganisha kesi na matokeo yake. Kesi inakaa kwenye projekti ndani ya folda zinaitwa test suite, ina muhtasari, masharti ya kuanzia, hatua moja moja na pembeni ya kila hatua unaandika kinachotakiwa kutokea. Matokeo ya kuiendesha, ilipita au ilifeli, na nani aliiendesha, hayo yako kwenye test plan, yaani mpango wa kupima, na toleo la programu mliyokuwa mnapima. Kwahiyo siku ya kufunga unaweza kubeba kesi peke yake ikiwa safi, ukawaachia wenyewe historia ya kugombana na madevelopa.

Mimi nafanya hivi. Nina projekti moja nimeiita Ghala. Mradi unavyoendelea, kila kesi nikiona itafaa kwingine naibandika neno la alama, maana TestLink inaruhusu maneno hayo na unaweza kuchuja nayo, ukisubiri siku ya mwisho uanze kuchagua kwenye kesi mia tatu utachagua zote au utaacha zote. Kufunga kukifika naekspoti suite kwa XML, faili la maandishi ambalo TestLink inaweza kulisoma tena, naingiza Ghala. Wakati wa kuingiza inakuuliza ikikuta kesi yenye jina lile lile ifanye nini, ibadilishe ya zamani, itengeneze toleo jipya la kesi, au iweke kama kesi mpya kabisa. Hapo kuweni makini, mimi huwa nachagua toleo jipya ili la zamani libaki. Pia jueni namba za kesi zinabadilika, kule ilikuwa MLP-45 huku inakuja GHL-210, kwahiyo kwenye muhtasari naandika ilikotoka, vinginevyo ile ripoti uliyokabidhi inakuwa haieleweki tena.

Halafu inakuja kazi ambayo programu haikusaidii hata kidogo, kusafisha. Kesi nyingi tunaziandika na vitu vya mradi mle mle ndani, jina la mteja, namba ya simu ya mtu halisi uliyoitumia kupima, kiasi cha makato. Nilishakuta kesi inasema ukituma elfu 50 katwa kadhaa, imeandikwa kabla ya tozo za miamala za Julai 2021, na baada ya hapo tozo zenyewe zikapunguzwa, yaani ile namba ilishakuwa uongo mara mbili. Nyingine ilikuwa inakataa namba za 062 kwa kuwa aliyeiandika aliandika wakati Halotel haijaingia. Siku hizi kwenye hatua naandika tu "makato ya siku hiyo kwa jedwali lililopo" na jedwali linakaa pembeni. Namba za watu naziondoa zote, sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo na sitaki kesi ya aina nyingine. Na kabla ya kubeba chochote someni mkataba, kuna wateja ambao testi kesi ni mali yao, hapo unaomba kwa maandishi au unaacha.

Ubaya wake sasa. Ukifuta projekti vinaenda vyote, suite, kesi, matokeo, kila kitu, kwahiyo msiifute, iondoeni tu alama ya kuwa hai, watumiaji wa kawaida hawataiona ila admini bado anaiona. Faili la kuingiza lina kikomo, kwa setingi za mwanzo ni kama kilobaiti 400, projekti kubwa haipiti mpaka mtu wa seva abadilishe, au uekspoti folda moja moja kama mimi. Ukipesti hatua kutoka Word inabeba takataka zote za HTML, zile alama za mpangilio wa ukurasa, unazikuta mpaka kwenye XML. Na kwenye seva yenye PHP mpya mpya jiandaeni kusumbuka kidogo, mimi nimemwambia mtu wetu asiiguse ile seva bila kuniambia.

Lingine ambalo watu hawalishtukii ni bakapu. Wanabakapu databesi wanalala, kumbe viambatisho, zile picha za skrini, kwa setingi za mwanzo vinakaa kwenye folda pembeni inaitwa upload_area. Ukirudisha databesi peke yake utakuta kesi zinasema angalia picha na picha hamna.

Kama timu yenu mnaandika testi za kuendeshwa na mashine kwa Robot Framework au Gherkin, zile ni maandishi tu zinakaa kwenye Git, sehemu ya kutunzia kodi, pamoja na kodi yenyewe, sidhani kama mnahitaji hii, nakilini folda muondoke. Ila kwa sisi tunaopima kwa mkono bado, na tuko wengi tu, naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile nusu ni ya XML. Juzi nimeanza mradi wa bima, siku ya kwanza nikavuta kesi 64 kutoka Ghala, za NIDA na za malipo, saa nane mchana nilikuwa nishaanza kupima na kosa la kwanza likatoka kwenye tarehe 30 Februari.