Video ya harusi, na mdogo wangu kaisoma

Studio ile ndogo nyuma ya Ngome ya Lamu naipa nyota nne. Mdogo wangu wa kike ni kiziwi. Video ya harusi ya dada yetu aliona midomo tu ikifunguka. Ya kaka, niliomba maandishi chini ya picha. Wakaandika hata sauti: "pembe za vugo zapigwa" (vugo ni ngoma ya wanawake ya harusini), "vigelegele". Alicheka tulipocheka sisi, papo hapo! Mamangu alilia.

Maandishi meupe yalipotelea kwenye kanzu za waume. Nikawarudishia, wakaweka utepe mweusi nyuma yake bila kuongeza bei. Ila nyimbo za Kiamu, lahaja ya Lamu, wamezigeuza Kiswahili sanifu. Hapo sijaridhika. Nataka asome maneno yaleyale tuliyoyasikia.