Kifaa cha gololi cha kulegeza makohozi: baada ya miezi sita

Nina ugonjwa sugu wa mapafu kwa miaka mingi, na kipimo cha CT kilipoonyesha kwamba nina pia bronkiektasia, yaani njia za hewa zimetanuka zisirudi tena na makohozi hutuama humo, mtaalamu wa fiziotherapia alinishauri ninunue kifaa hiki cha mkononi. Ukipuliza, gololi ya chuma iliyo ndani hurukaruka na hewa hutetemeka. Weka kiganja mbavuni, utausikia mtetemo wenyewe.

Kwa kazi yake sina lawama. Kila asubuhi navuta kwanza dawa ya kupanua njia za hewa, nakaa wima, navuta pumzi ndefu kidogo kuliko kawaida, naizuia sekunde mbili tatu, kisha napuliza taratibu bila kutunisha mashavu. Baada ya mipulizo kumi hivi naachama na kuitoa pumzi kwa nguvu, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo, na makohozi yaliyokuwa yakinisumbua hadi adhuhuri hutoka ndani ya robo saa. Jioni narudia.

Kasoro ni pembe. Ukikiinamisha vibaya gololi inalala na mtetemo unakufa, kwa hiyo hakimfai mgonjwa asiyeweza kuketi. Huyo atafute aina yenye vali na sumaku, ambayo hufanya kazi hata akiwa amelala. Karatasi ya maelezo nayo haisemi lolote juu ya kuachama na kutoa pumzi kwa nguvu, na bila kufundishwa ningekipuliza kama filimbi tu. Kukiosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu ni rahisi, ila kikauke kabisa, kwani bakteria hupenda unyevu.

Mwezi wa nne hali ilizidi: makohozi yaliongezeka, yakawa mazito na ya kijani, na ngazi chache zikanitoa pumzi. Nilipoteza siku tatu nikiongeza mipulizo, nikisahau kwamba kifaa hutoa makohozi lakini hakiui bakteria. Daktari alichukua makohozi yaoteshwe maabara, ijulikane ni bakteria gani waliomo, kabla sijameza kidonge cha kwanza, akaniandikia antibiotiki za siku 14, na akasisitiza niendelee kupuliza. Anayekohoa damu, au ambaye pafu lake limesinyaa karibuni kwa kuvuja hewa, asikiguse kabla ya kumwona daktari.

Nakipa nyota nne. Ya tano imepotelea kwenye ile karatasi ya maelezo.