Magari ya kunasa TV Uingereza: fundi wa TV za kichogo anayapima

Nilikuwa fundi TV Ngamiani, Tanga, miaka mingi kabla sijahamia Leicester, Uingereza. Ndiyo maana Mswahili mgeni katika mji huu akikuta mlangoni barua ya leseni ya TV, ile ada ya mwaka inayokusanywa na BBC kugharimia matangazo yake, wenyeji humwambia akamuulize fundi. Wa karibuni ni dada mmoja wa Mombasa anayesomea unesi, kapanga chumba kwenye nyumba ya watu wanne. "Kaka fundi," akaniuliza, "ati kuna gari lapita mtaani likajua nani atazama TV, na atazama nini. Ni kweli ama watutisha tu?" Nilimjibu kwa kirefu, na majibu yale nayaweka hapa pamoja na maoni yangu juu ya huduma yote ya leseni. Watu wetu wengi wanailipa kwa woga wakati hawadaiwi, na wengine wanadaiwa hawana habari.

Tuanze na gari. Enzi za TV za kichogo liliweza kufanya kazi, na anayesema ilikuwa hadithi tupu sikubaliani naye. Kwenye benchi langu nilikuwa na redio ndogo ya betri, nimeiweka masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni. Ikiletwa TV imekufa, haina picha wala sauti, naichomeka kwenye umeme kisha naisogeza ile redio nyuma ya kichogo. Redio ikikoroma kwa mluzi mwembamba, najua flaibeki, yaani transfoma inayokipa kichogo umeme mkubwa, inafanya kazi vizuri, ubovu nautafuta upande mwingine. Ikinyamaza, naanzia kwenye flaibeki yenyewe. Hakukuwa na uganga wowote hapo. Sasa kama redio ya bei ya chini kabisa inaisikia TV iliyo hatua mbili mbali, wahandisi wa serikali wenye antena zao watashindwaje kuisikia kutoka barabarani?

Sababu ni hii. Picha ya kichogo huchorwa mstari kwa mstari. Shingoni mwa tyubu kuna yoki, yaani koili za shaba zinazousukuma mwali wa elektroni kutoka kushoto kwenda kulia, unarudi, unaanza mstari mwingine. TV zetu za mfumo wa PAL zilikuwa na mistari 625 kwa picha na picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo mwali unafagia mara 15,625 kila sekunde. Kila mfagio unatoa usumaku, na usumaku hauzuiwi na boksi la plastiki wala la mbao. Waingereza walianza na mfumo wa mistari 405, hivyo mdundo wao ulikuwa 10,125. Magari ya kwanza yalitoka mwaka 1952, wakati leseni zikiwa chini ya Posta, na juu ya paa yalibeba antena za duara za kupokea usumaku huo.

TV zilipohamia UHF, yaani masafa ya juu zaidi, wakatumia njia nyingine. Ndani ya chuna ya kila TV, sehemu inayochagua stesheni, kuna osileta, yaani saketi ndogo ya kutengeneza mawimbi, inayotetema juu ya masafa ya stesheni unayotazama, kwa tofauti isiyobadilika. Uingereza tofauti hiyo ilikuwa megahezi 39.5. Osileta huvuja, na mara nyingi inavujia kwenye antena yako mwenyewe. Ukiinasa, unapiga hesabu ya kutoa, unajua stesheni. Matangazo ya miaka ya sabini yaliwaonyesha mafundi ndani ya gari wakitaja hadi kipindi kinachotazamwa sebuleni. Yalitiwa chumvi ili watu waogope, lakini fizikia iliyokuwa nyuma yake naijua kwa mikono yangu.

Ugumu wa gari ulikuwa mwingine kabisa. Nyumba za hapa zimeshikana, matofali mekundu, ukuta mmoja mnagawana na jirani. Kujua kwamba kuna TV inawaka hapo karibu si kazi. Kuapa kwamba ni ya nyumba hii na si ya jirani wa kushoto, wala ya yule wa ghorofani, hiyo ndiyo kazi.

Halafu zikaja TV bapa. Hazina yoki, hazina flaibeki. Uingereza ilizima mitambo ya mwisho ya analojia Oktoba 2012, Dar es Salaam ikazima Desemba 31 mwaka huohuo. Redio yangu ya benchi ukiisogeza karibu na TV bapa inasikia kelele za pawa saplai tu, kelele zilezile za chaja ya simu.

Gari la leo linanasa nini basi? Mwaka 2013 jarida la Radio Times lilichapisha maelezo yaliyotoka kwenye ombi la hati ya upekuzi. Yalisema kuna lenzi kubwa inayokusanya mwanga wa TV unaotoka dirishani, na kifaa kinachogeuza kupanda na kushuka kwa mwanga huo kuwa umeme unaoweza kuchambuliwa. Kifundi, jambo hilo linawezekana. Simama nje usiku wakati wa mechi kubwa: nyumba mbili zinazotazama mpira mmoja, mapazia yake yanawaka na kufifia kwa mpigo mmoja. Mashine ikiwa na matangazo yenyewe ya kulinganisha, inaweza kukutambua. Lakini weka pazia zito, au hamia chumba cha nyuma, au tazama kwenye simu umejifunika blanketi, hiyo lenzi itasoma nini?

Mwaka 2016 mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, Sir Amyas Morse, aliandika kwamba BBC iliwaonyesha wakaguzi wa ofisi yake jinsi ya kugundua mtu anayetazama kwenye vifaa visivyo TV, nao wakaridhika. Jaribio lenyewe lilifanyika katika mazingira yaliyopangwa. Mimi naliheshimu neno la mkaguzi, ila nimetengeneza vitu vingi vilivyofanya kazi vizuri benchini vikagoma vilipofika kwa mteja. Mtaa wenye mvua, miti na taa za barabarani ni mtihani tofauti.

Idadi ya magari BBC haiisemi. Imeombwa chini ya sheria ya uhuru wa taarifa, ikakataa, hoja yake ikiwa watu wakijua watapima uwezekano wao wa kukamatwa. Na kwa maelezo yao wenyewe, kinachonaswa na gari hutumika kuombea hati ya upekuzi kwa hakimu. Kilichosomwa na mashine hakipelekwi mahakamani kuwa ndio ushahidi wa kosa. Hapa ndipo nilipomwambia yule dada atulie: gari lipo, sayansi yake ni halali, lakini silo linalowapeleka watu kortini.

Kinachowapeleka ni daftari la anwani na mdomo wao wenyewe. Leseni Uingereza hukatiwa nyumba. BBC wana orodha ya anwani za nchi nzima, na anwani isiyo na leseni inajitokeza yenyewe kwenye kompyuta. Zamani hata duka likikuuzia TV lilitakiwa kisheria kupeleka jina na anwani yako; sharti hilo likafutwa mwaka 2013. Baada ya orodha zinakuja barua, na baada ya barua anakuja afisa kubisha hodi. Kazi hiyo BBC imeipa kampuni ya Capita. Afisa huyo si polisi. Hana haki ya kuingia bila ruhusa yako, isipokuwa aje na hati ya hakimu. Anachokiandika ukimjibu, na ukaweka sahihi, ndicho kinachobeba kesi. Faini inaweza kufika £1,000. Mwaka 2019 takribani robo tatu ya waliotiwa hatiani walikuwa wanawake, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba wao ndio wanaokutwa nyumbani wanafungua mlango. Takwimu hiyo inaniuma kila nikiikumbuka. Nawafikiria akina mama wetu wanaolea watoto huku waume wako zamu, Kiingereza chenyewe cha kubabaisha, wanaulizwa maswali ya kisheria wamesimama kwenye baridi.

Nami afisa aliwahi kunibishia hodi, nilipohamia nyumba ya sasa. Aliniamkia vizuri, akaonyesha kitambulisho, nikamwonyesha leseni kwenye simu, akaandika, akaenda zake. Kwa upande wa adabu sina la kulalamika.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Unahitaji leseni ukitazama au kurekodi kipindi chochote cha TV kinachorushwa mubashara, kwa kifaa chochote, stesheni yoyote ya dunia. Rudia hiyo: yoyote ya dunia. Watu wananiambia, "Fundi, mimi BBC siigusi, natazama Citizen ya Kenya YouTube tu." Ukifungua Nipashe, taarifa ya habari ya Citizen, saa kumi na moja jioni ya kiangazi huku, wakati Nairobi ni saa moja na taarifa inasomwa, wewe unatazama TV mubashara na leseni inakuhusu. Dabi ya Kariakoo ukiitazama mpira unapochezwa, inakuhusu. Ukisubiri, ukatazama magoli baadaye yakishawekwa YouTube, haikuhusu. Netflix ya filamu haikuhusu, redio haikuhusu. iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, tangu Septemba 2016, inakuhusu hata kwa kipindi cha zamani.

Yule dada aliambiwa na mwenye nyumba wake kwamba kodi ya chumba imejumlisha leseni. Tukasoma mkataba wote, haimo. Kila mpangaji pale ana mkataba wake wa chumba, na nyumba za namna hiyo leseni moja haiwafuniki wote. Mngekuwa mmeweka sahihi mkataba mmoja wa pamoja, moja ingetosha. Yeye mubashara hatazami. Jioni yuko wodini, anakuta taarifa imeshapandishwa. Akajaza tamko la kutohitaji leseni kwenye tovuti yao, na barua zikasimama. Tamko lina muda wake, likiisha wataandika kuuliza tena, na wanaweza kuja kuhakikisha.

Mimi nalipa. Aprili 2025 ada ilipanda hadi £174.50 kwa mwaka. Ilipoanza ya televisheni, 1946, ilikuwa £2. Leseni ya TV isiyo na rangi nayo bado ilikuwepo, £58.50 mwaka huo wa 2025. Kulipa kwenyewe ni kwepesi: benki inakata kila mwezi, hakuna foleni wala stempu. Ukihama unabadilisha anwani mtandaoni. Asiyeona kabisa hupata punguzo la nusu. Wazee waliotimiza miaka 75 walikuwa wanapewa bure wote hadi Agosti 2020, sasa ni wale tu wanaopata nyongeza ya pensheni ya kipato cha chini, kwa hiyo kama unamtunza mzee, mwangalizie. Anayerudi nyumbani kabla leseni haijaisha adai fedha ya miezi iliyobaki. Wengi wanaondoka na kuwaachia.

Na nalipa kwa moyo. Nimekua na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kusikika mwaka 1957. Nyumbani kwetu ilipofika saa yake mtoto hakohoi. Tangu Aprili 2014 sehemu kubwa ya gharama za matangazo ya BBC ya nje inatoka kwenye ada hii, ambapo kabla yake ilitoka wizara ya mambo ya nje. Pauni zangu chache zimo humo, na nafurahi zimo.

Kwa urahisi wa kulipa, kurekebisha anwani na kurudishiwa fedha naipa huduma hii nyota nne. Kwa lugha ya barua zake naipa moja. Barua inayomwambia mtu kwamba uchunguzi umefunguliwa kwenye anwani yake, wakati wanachojua ni kwamba hiyo anwani haina leseni, inamtisha mgeni asiye na kosa na haimgusi mkaidi. Vilevile kutumia jina la gari kutishia huku idadi yake imefichwa naona si haki kwa shirika ambalo watu wanaliamini kwa ukweli wa habari zake. Barua ya kwanza ingeandikwa kwa maneno mepesi: hivi ndivyo vitu vinavyohitaji leseni, hivi havihitaji, chagua, tujulishe. Yakiwekwa kwenye ukurasa mmoja, pamoja na mfano wa stesheni za nje, dada wa Mombasa asingehitaji kumtafuta fundi.