WordPress na mpangilio wa matokeo ya utafutaji: tathmini ya mwenye tovuti ya vyumba vya kupanga Mwanza

Ninaendesha tovuti ndogo ya vyumba na nyumba za kupanga katika wilaya za Ilemela na Nyamagana, nami nimeijenga kwa WordPress. Tathmini hii inahusu namna programu hiyo inavyopanga matokeo ya utafutaji na jinsi mpangilio huo unavyoweza kubadilishwa. Jambo hili nalipa uzito mkubwa, kwa sababu mpangaji anayetafuta chumba kwa simu hufungua matangazo matatu au manne ya juu, na akikosa humrudia dalali.

Zamani utafutaji wa WordPress ulitanguliza kilichochapishwa karibuni. Tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, hutanguliza kichwa chenye maneno yale yale aliyoandika mtafutaji, na tarehe huamua pale tu matokeo yanapolingana kwa vigezo hivyo. Kwa gazeti, utaratibu huo una busara. Kwa vyumba hauna, kwani aliyeandika "chumba masta Nyegezi" alipewa kwanza tangazo la mwaka jana lenye kichwa hicho hicho, ambalo chumba chake kilikwishapangwa, huku la jana lililoandikwa "chumba cha masta, Malimbe Nyegezi" likisukumwa chini.

Tatizo la pili lilitoka kwenye kiolezo, yaani faili za muundo na mwonekano wa tovuti, nilichonunua kwa muuzaji mmoja, ambacho kitufe chake cha bei nafuu kiliweka vyumba vya shilingi 100,000 na 250,000 juu ya kile cha 45,000. Nilipouliza, nilishauriwa kununua toleo la gharama zaidi, ushauri ambao hadi leo nauona si wa haki, kwa kuwa dawa ilikuwa neno moja. WordPress huhifadhi thamani za sehemu za ziada za tangazo, bei ikiwamo, kama maandishi, na maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi, hivyo 1 na 2 hutangulia 4. Katika agizo la kupanga matokeo, palipoandikwa meta_value niliweka meta_value_num, na bei zikapangwa kama namba.

Mabadiliko yote mawili, yaani kurudisha tarehe mbele na kupanga bei kama namba, niliyaandika kwa mistari michache kupitia ndoano ya pre_get_posts, mahali ambapo WordPress huruhusu msimbo wa nje kubadilisha ombi la matokeo kabla halijatekelezwa, nikiyawekea masharti yahusu ukurasa wa utafutaji pekee na yasiguse upande wa msimamizi. Hapa ndipo ninapoisifu WordPress kwa dhati: faili zake za msingi sikuzigusa, na kwa kuwa msimbo wangu unakaa katika kiolezo tanzu, yaani kiolezo kidogo cha pembeni kinachorithi kile kikuu, sasisho haliufuti. Hata hivyo, hakuna mahali pa kuchagua mpangilio huu kwenye dashibodi, kwa hiyo asiyejua PHP, lugha ya programu iliyotumika kuiandika WordPress, atahitaji fundi au programu-jalizi (nyongeza ya kupachika).

Anayefuata njia hii ajihadhari na mambo mawili. Bei ikiingizwa na mkato, yaani 45,000, hifadhidata huisoma kama 45, na chumba hicho hupanda juu ya vyote isivyostahili. Aidha, mpangilio wa bei huyaondoa kabisa matangazo yasiyo na sehemu ya bei, jambo nililolifahamu baada ya mwenye nyumba wa Buswelu, aliyependa "bei maelewano", kupiga simu akiuliza nyumba yake imekwenda wapi. Tangu siku hiyo sipokei tangazo lisilo na bei kwa tarakimu tupu.